Kufufua injini ya ndani ya boti iliyokaa muda mrefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu injini za dizeli zilizofungwa ndani ya mashua na boti zinazofanya kazi kati ya Kilwa na Msimbati. Baadhi ni zile za Kichina za silinda moja inayolala, ndugu wa mashine za kusaga. Nyingine ni za kizamani za silinda mbili hadi nne, kama Yanmar, Lister, Perkins na Bukh. Mashine za petroli za kuning'iniza nyuma hazimo. Kipimo chochote hapa kikipingana na kitabu cha injini yako, fuata kitabu.

## Kabla ya kushika spana

1. Injini imekaa miaka bila kuwaka. Nianzie wapi?

Usianze kwa kuiwasha. Injini nyingi zilizotelekezwa huwa zinafufulika mpaka siku mwenyewe anapokuja na betri mpya na haraka zake. Ringi zilizoshikwa na kutu zinavunjika, maji yaliyokaa juu ya pistoni yanapinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), na kazi ya wiki moja inageuka chuma chakavu kwa sekunde mbili za starta.

Anza hivi. Chomoa waya wa betri. Chomoa kijiti cha oili utazame rangi na kimo chake (swali la 8). Weka gia kati. Fungua nozeli zote (vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda), kisha zungusha injini kwa mkono, kwa kushika fulawili (gurudumu zito la injini) au kwa spana kwenye nati ya mbele ya krenki. Unataka mizunguko miwili kamili, kwa sababu injini ya mipigo minne hukamilisha kazi ya valvu zote ndani ya mizunguko miwili. Ikizunguka laini, nenda kwenye oili na dizeli. Ikigoma, nenda swali la 5.

2. Nitajuaje kama inafaa kufufuliwa?

Kutu ya nje isikutishe, na rangi mpya isikudanganye. Tazama mambo matatu: ufa kwenye bloku au hedi, hali ya ndani ya silinda (mulika tochi kwenye tundu la nozeli), na kama vipuri vinapatikana. Kwa injini ya Kichina ya silinda moja yenye ufa kwenye bloku, usijisumbue. Tafuta nyingine nzima, hata iliyotumika, na ile ya zamani iwe ghala la vipuri. Kwa injini ya Ulaya ya kizamani, uliza kwanza bei ya kutengeneza pampu ya dizeli, maana hicho ndicho kifaa kinachoweza kuzidi thamani ya injini yote. Ukishajua hapo, mengine yanahesabika.

3. Nahitaji vifaa gani?

Spana za pete na za mdomo kuanzia namba 8 hadi 24, fila geji (vibamba vya kupimia nafasi nyembamba), brashi ya waya, tochi, beseni, dumu safi la lita 5, mita mbili za mpira wa dizeli unaoonyesha ndani, mafuta ya taa, oili ya kutosha kubadilisha mara mbili, filta mpya na washa za shaba nyekundu. Lister za zamani na Perkins 4.108 zina bolti za inchi. Ukilazimisha spana ya milimita utakula kona za nati, na nati iliyoliwa kona ndani ya ngama (chini ya chombo, panapokusanyika maji) ni adhabu. Piga picha kwa simu kila kitu kabla hujakifungua.

4. Kazi ifanyike chombo kikiwa majini au pwani?

Kazi ya juu ya injini (nozeli, dizeli, oili, tapeti) inafanyika popote chombo kilipotulia. Kazi inayogusa koki ya chini inayoingiza maji ya bahari, glandi ya shafti (kizuizi cha maji pale shafti inapotoka nje) au propela, ifanye chombo kikiwa kimekaa mchangani. Koki iliyokaa miaka bila kuguswa inaweza kukatikia mkononi, na shimo la inchi moja chini ya maji linajaza mashua upesi kuliko unavyoweza kukumba.

Hesabu maji kabla ya kuegesha. Bamvua letu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Ukiegesha kwenye kilele hicho, kila maji yanayofuata yanajaa kidogo kuliko yaliyopita, na chombo hakitaelea tena mpaka karibu wiki mbili zipite. Kwa kazi ndefu hilo ni jambo jema. Kwa kazi ya siku moja, egesha siku mbili tatu kabla ya kilele, ili maji ya kesho yawe makubwa kuliko ya leo.

## Injini iliyoshika

5. Haizunguki hata kidogo. Nifanye nini?

Hakikisha kwanza kilichoshika ni injini. Fungua bolti za kapulingi kati ya gia na shafti, vua na mkanda wa alteneta. Mara nyingi kinachogoma ni propela iliyosukwa na kamba ya nyavu, au shafti iliyoota chaza kwenye bushi yake. Kisha tazama kama kuna maji ndani ya silinda. Nozeli ikiwa nje, yavute kwa bomba la sindano na mpira mwembamba.

Ikiwa ni kutu ya ringi, changanya oili ya gia boksi za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Asetoni inawaka upesi na inakula rangi na mpira, kwa hiyo weka sigara mbali, na madirisha yawe wazi. Ukiikosa, tumia dizeli badala yake, ila utangoja zaidi. Kwa injini ya silinda zilizosimama, vijiko vinne vya chakula kwa kila silinda vinatosha. Kwa silinda inayolala, vijiko vinne vitakaa upande wa chini tu na ringi za upande wa juu zitabaki kavu. Hiyo jaza mpaka mchanganyiko uonekane kwenye tundu la nozeli, na uongeze kila unapopungua.

Ngoja siku tatu, hata wiki mbili. Asubuhi na jioni jaribu kuizungusha mbele na nyuma kwa nguvu ya mkono mmoja. Ikisogea upana wa unywele, umeshinda. Irudishe ilikotoka, isogeze tena, na usitamani mzunguko mzima siku hiyo. Kumbuka kuzungusha kinyume kunaweza kulegeza nati ya krenki.

Ikigoma kabisa, vua hedi. Weka kipande cha mti mgumu juu ya pistoni na ugonge kwa nyundo nyepesi, mapigo mengi madogo. Pistoni ikiwa juu kabisa au chini kabisa, kugonga hakuzungushi kitu. Hapo gonga pistoni nyingine iliyo katikati. Kwa silinda moja, rudi kwenye fulawili. Ikishaachia, mwaga oili yote ya chini, kwa kuwa mchanganyiko wako umeshavujia humo.

6. Kwa nini nisiitumie starta, au nisivutwe na boti nyingine gia ikiwa imeingia?

Njia zote mbili zina nguvu nyingi na hazina hisia. Mkono wako unatambua kuwa kitu kimekaza. Starta haitambui.

7. Imezunguka nusu, kisha inagota palepale kila mara.

Mara nyingi ni valvu iliyoganda ikiwa wazi, na pistoni inaigonga. Fungua kifuniko cha tapeti, tafuta springi iliyobanwa kuliko wenzake, mwagia dizeli na mafuta ya taa kwenye shina la valvu, kisha gonga juu yake kwa nyundo ya plastiki huku ukiivuta irudi. Baada ya kuiachia, toa fimbo ya tapeti uivingirishe juu ya kioo. Ikicheza, imepinda na ibadilishwe. Usiinyooshe. Seti tapeti injini ikiwa baridi. Injini ndogo nyingi zinataka kati ya milimita 0.20 na 0.45, na mara nyingi valvu ya eksozi hupewa nafasi kubwa kuliko ya kuingiza hewa.

8. Oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, au kimo chake kimepanda. Inamaanisha nini?

Maji yameingia. Kwenye injini iliyokaa muda, chanzo cha kawaida ni maji ya mvua au ya ngama, halafu maji ya bahari yaliyorudi kupitia eksozi, halafu sili ya pampu ya maji, na mwisho gasketi ya hedi. Onja tone moja la maji yaliyotulia chini ya chupa. Yenye chumvi yametoka baharini. Kama kimo kimepanda lakini oili ni nyeusi, nyepesi na inanuka dizeli, tazama diaframu ya lifti pampu (pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tanki) au sili ya pampu ya dizeli. Usiiwashe kabla hujaimwaga (swali la 17 linaeleza sababu).

Mwaga, weka oili ya bei nafuu iliyochanganywa na robo ya dizeli, zungusha kwa mkono dakika kadhaa bila kuiwasha, mwaga tena. Ndipo uweke oili halisi na filta mpya.

9. Injini ilizama pamoja na chombo. Bado ina maisha?

Ina, ikiwa umefika mapema. Chumvi na hewa pamoja ndivyo vinavyoiua, kwa hiyo hatari kubwa huanza pale inapotolewa majini. Kama huna nafasi ya kuifanyia kazi siku hiyohiyo, iache ndani ya pipa la maji baridi yasiyo na chumvi au la dizeli, usiiache pwani ikauke juani.

Ukiwa tayari, toa nozeli na mwaga oili. Osha nje na ndani kwa maji baridi mengi, izungushe kwa mkono mpaka maji yote yatoke, kisha jaza silinda na sampo (beseni la oili chini ya injini) kwa dizeli, zungusha, mwaga. Weka oili, rudisha nozeli zilizopimwa, na iwashe siku hiyo. Iendeshe nusu saa, badilisha oili, saa mbili tena, badilisha, na mara ya tatu baada ya saa kumi. Starta na alteneta zifunguliwe, zioshwe kwa maji baridi, zikaushwe kivulini kwa siku mbili. Gia boksi nayo ina oili yake. Watu huisahau.

## Oili na dizeli

10. Niweke oili gani?

Kwa joto la pwani yetu, SAE 40 ya dizeli au 15W-40 zote zinafaa kwa injini hizi. Oili ya pikipiki au ya petroli isitumike. Jaza mpaka alama ya juu ya kijiti, usipite. Injini iliyofungwa kwa kuinamia tezi husoma tofauti na iliyokaa sawa, kwa hiyo anza na ujazo wa kitabu, kisha weka alama yako kwenye kijiti.

11. Dizeli iliyokaa kwenye tanki inatumika?

Chota ya chini kabisa ya tanki kwenye chupa nyeupe na uiache usiku mzima. Maji yatakaa chini, na kama kuna ute mweusi katikati, hao ni vijidudu wanaoishi kwenye mpaka wa maji na dizeli. Dizeli yenye ute mwaga yote, tanki lifunguliwe na lisuguliwe. Dizeli ya manjano iliyotulia, chuja kwa kitambaa kizito na uitumie kwenye kibatari au kuoshea vyuma.

Kwa kuwasha mara ya kwanza liache tanki la zamani kabisa. Ning'iniza dumu la lita 5 lenye dizeli mpya nusu mita juu ya pampu, ulete mpira moja kwa moja kwenye filta mpya. Uzito wa dizeli wenyewe utasukuma hewa nje, na ukishindwa kuwasha utakuwa tayari umeondoa nusu ya watuhumiwa.

12. Hewa inatolewaje kwenye mfumo wa dizeli?

Kwa kufuata njia ya dizeli, kutoka tanki kwenda nozeli, bila kuruka hatua.

Legeza bolti ndogo iliyo juu ya filta. Piga lifti pampu kwa kidole (au fungulia dumu lako la juu) mpaka povu liishe na dizeli tupu itoke, kisha kaza dizeli ikiwa bado inatoka. Hamia kwenye bolti ya pampu ya dizeli, fanya vilevile. Kama lifti pampu haisukumi, huenda eksentriki yake (nundu inayoisukuma) imesimama juu. Zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena. Mwisho legeza nati za paipu kwenye nozeli kwa nusu mzunguko, sukuma gavana (kidhibiti cha kasi) kwenye kasi kamili, achia kompresheni (kwa kishikio kinachoinua valvu), na uizungushe injini mpaka dizeli iruke kwa vipigo. Kaza moja baada ya nyingine.

Usiweke kiganja mbele ya dizeli inayotoka kwa nguvu ya nozeli. Inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda kinachoonekana kidogo kama tundu la sindano ni cha kukimbiziwa hospitali saa hiyohiyo. Tumia kipande cha boksi.

13. Inawaka dakika mbili kisha inazima. Natoa hewa, inarudia.

Hewa inaingia upande wa kuvuta, kati ya tanki na lifti pampu, na huko huwa haivuji dizeli nje ili uione. Weka ule mpira unaoonyesha ndani baada ya kila kiungo, uone mapovu yanaanzia wapi. Washa za shaba zilizotumika hukakamaa. Zipashe moto mpaka ziwe nyekundu, zipoze, zitakuwa laini tena. Mpya ni bora. Kama hakuna mapovu, tazama tundu la kupumulia la kifuniko cha tanki. Likiziba, tanki hujifanya tupu.

## Kuwasha

14. Utaratibu wa kuwasha mara ya kwanza ukoje?

Hakikisha reki ya pampu ya dizeli (fimbo inayoongeza na kupunguza dizeli) inateleza. Ondoa kifuniko chake au sukuma kishikio cha kuzimia. Irudi yenyewe bila kukwama. Reki iliyoganda kwenye dizeli kamili ni moja ya sababu za tatizo la swali la 17.

Kompresheni ikiwa imeachiwa na kishikio cha kuzimia kimevutwa, zungusha mpaka geji ya oili isogee au oili ionekane kwenye roka (mikono inayosukuma valvu). Mpe msaidizi ubao uliofunikwa mpira, akae karibu na mdomo wa kuvutia hewa. Filta ya hewa iwe imetolewa. Sasa washa, na koki ya maji ifunguliwe mara tu injini inaposhika. Ukiiacha wazi huku unazungusha mara kumi bila kuwaka, maji hujaa kwenye eksozi, yasiwe na moshi wa kuyasukuma, na hurudi kwenye silinda. Injini nyingi zilizofufuliwa vizuri zimeuawa hapo, saa moja kabla ya kufaulu.

Ikishawaka: oili ipande ndani ya sekunde chache, maji yatoke kwenye eksozi ndani ya nusu dakika. Kimoja kikikosekana, zima. Vikiwepo vyote, iache kwenye resi ya chini dakika tano, zima, kagua mavujo, oili na bolti, kisha rudia kwa nusu saa.

15. Inazunguka vizuri ila haiwaki.

Tazama eksozi. Hakuna moshi kabisa: dizeli haifiki (swali la 12), au kishikio cha kuzimia kimebaki kimevutwa. Kosa hilo la mwisho ni la kawaida kuliko mafundi wanavyokiri. Moshi mweupe unaonuka dizeli: dizeli inafika lakini haiungui, ama nozeli inakojoa badala ya kupuliza ukungu, ama kompresheni ni ndogo, ama muda wa pampu umehama.

Pima kompresheni kwa kijiko kimoja cha oili kupitia njia ya hewa. Ikiwaka au ikiwa ngumu zaidi kuzungusha, ringi zimegandia kwenye vijito vyake au zimekwisha. Zilizoganda huachia zenyewe baada ya saa kadhaa za kazi. Ikibaki laini vilevile, tatizo ni valvu au gasketi. Nozeli zipeleke zikapimwe kwenye karakana ya pampu za dizeli. Bei yake ni ndogo kuliko mchana mmoja wa kubahatisha.

16. Nipulize dawa ya kuwashia, au petroli kwenye kitambaa?

Hapana. Dawa hiyo huripuka mapema pistoni ikiwa bado inapanda, na ringi zilizolegea juzi huvunjika. Kwenye injini yenye plagi za kupasha moto inaweza kuwaka ndani ya njia ya hewa. Jaza maji ya moto kwenye koti la injini, au pasha oili kwenye sufuria uirudishe. Betri ndiyo ya kutazama kwanza: iliyojaa husoma volti 12.6, na ikishuka chini ya 9.6 unapozungusha, ni dhaifu au waya wa bodi una kutu. Kwa hendeli, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kamwe usikizungushe upande wa pili.

17. Injini inapiga resi yenyewe na haizimiki. Nifanye nini?

Ziba hewa. Bamiza ule ubao kwenye mdomo wa hewa na uushikilie mpaka isimame. Usitumie kiganja. Kufunga dizeli pekee hakutoshi, maana mara nyingi injini inakula oili yake mwenyewe iliyojazwa kupita kiasi au iliyochanganyika na dizeli. Kama inaendesha propela majini, kuingiza gia kunaweza kuipunguza, lakini chombo kitaruka mbele. Ikisimama usiiwashe tena mpaka umejua kama ni oili au ni reki.

## Maji ya kupoza

18. Injini inafanya kazi, maji hayatoki kwenye eksozi.

Zima kwanza. Fuata njia kutoka chini. Chomoa mpira juu ya koki: maji yakiruka ndani, koki ni nzima. Yasiporuka, kuna chaza au mfuko wa plastiki, sukuma kwa waya kutoka ndani. Kisha chujio. Kisha impela (gurudumu la mbawa ndani ya pampu ya maji): ile ya mpira iliyokaa miaka katika mkao mmoja hupinda na kupasuka mizizini, ibadilishe tu. Ipake sabuni ya maji, si grisi, uiingize kwa kuizungusha. Kama mbawa zimekatika, vipande vimo mbele kwenye hiti eksichenja (kipoza maji ya injini). Vitafute mpaka hesabu itimie. Baada ya hapo kagua mpira wa kuvuta, maana tabaka la ndani linaweza kubanduka na kuziba wakati nje unaonekana mzima. La mwisho ni kiwiko cha eksozi, ambacho huziba kwa chumvi na masizi.

19. Maji yanatoka lakini injini inapanda joto.

Chumvi imeganda kwenye njia za maji. Toa thermostati (valvu inayodhibiti joto la maji), impela na zinki (kipande kinacholiwa na kutu badala ya injini), tengeneza mzunguko kwa ndoo na pampu ndogo, na upitishe siki ya kawaida usiku kucha, kisha maji baridi mengi. Maji ya betri yasikaribie. Yanakula chuma na alumini pamoja na chumvi.

Rudisha thermostati, usiitupe. Injini inayopozwa moja kwa moja na maji ya bahari hutakiwa kukaa karibu na nyuzi 55 hadi 60, kwa sababu juu ya hapo chumvi huganda haraka. Ile yenye maji yake ya ndani hukaa nyuzi 80 na ushei. Ukiweka thermostati ya aina moja kwenye nyingine, umelinunua tatizo upya. Zinki ikiliwa nusu, badilisha, na usiipake rangi.

20. Injini yangu ina hopa la kuchemsha maji. Naweza kujaza maji ya bahari?

Usijaze. Hopa hupoza kwa kuyachemsha maji mpaka yawe mvuke. Mvuke unaondoka, chumvi inabaki, na safari chache zinatosha kuifunika silinda. Beba dumu la maji baridi, au funga lejeta.

## Shafti na propela

21. Glandi inavuja. Kiasi gani ni sawa?

Glandi ya utambi inatakiwa kudondosha matone mawili matatu kwa dakika shafti ikizunguka. Maji hayo ndiyo yanayoipoza. Ukiikaza mpaka ikauke, inaungua na kuchimba shafti. Kubadilisha utambi, toa wote wa zamani, pima pengo kati ya shafti na kuta, nunua utambi wa upana huo, kata pete kwa mshazari na viungo vyake visikutane. Chombo kiwe pwani (swali la 4).

22. Baada ya kuifunga, boti nzima inatetemeka.

Injini na shafti haziko mstari mmoja. Pima kwa fila geji kati ya nyuso mbili za kapulingi, juu, chini na pembeni. Kwa kapulingi ya upana wa sentimita 10, tofauti isizidi milimita 0.1. Pima baada ya chombo kuelea siku mbili tatu. Mashua ya mbao iliyokaa mchangani hubadilika umbo, na mstari ulionyooka pwani hupinda majini.

23. Moshi mweusi, resi haipandi, mwendo hakuna.

Safisha chini ya chombo na propela kwanza. Kama bado, propela ni kubwa kwa injini hiyo. Ikiwa wazi kabisa na mzigo wa kawaida, injini inapaswa kufikia mizunguko iliyoandikwa kwenye kibao chake.

## Mengineyo

24. Naweza kukata gasketi mwenyewe?

Ya pampu ya maji, ya sampo na ya kifuniko cha tapeti, ndiyo, kwa karatasi ya gasketi. Ya hedi, hapana.

25. Vipuri napata wapi?

Vya injini za Kichina za silinda moja, kwenye maduka ya mashine za kusaga na kukoboa, Mtwara mjini, Lindi na hata Masasi. Vya injini za zamani za Ulaya na Japani, mara nyingi ni kuagiza Dar es Salaam, ukianzia Gerezani na Kariakoo. Tuma kipuri chenyewe au picha ya namba iliyopigwa kwenye bloku. Jina la injini pekee halitoshi. Bushi na nati za kuchonga, waulize SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) au karakana yenye mashine ya kuchonga vyuma. Beringi, sili na mikanda nunua kwa namba iliyoandikwa ubavuni, hata kwenye duka la magari. Ni vilevile.

26. Kuna kibali kinachohusika?

Ukaguzi wa usalama wa chombo uko chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na leseni ya uvuvi iko halmashauri. Ukibadilisha aina au nguvu ya injini, wajulishe kabla ya ukaguzi unaofuata.

27. Majaribio ya kwanza nifanyie wapi?

Ndani ya ghuba, si nje ya mwamba. Mikindani na bandari ya Mtwara zimetulia, na Lindi kuna ule upande wa Kitunda. Nenda saa mbili kwa nusu ya nguvu, maji yakiwa yanajaa, na tanga, nanga na makasia yawemo. Ukirudi, kaza hedi upya kama gasketi ni mpya, na badilisha oili. Kusi likiwa linavuma, usiijaribu nje hata kama imekaa sawa ndani.

28. Msimu wa kusi chombo kinakaa. Niiache vipi isirudi ilikotoka?

Badilisha oili kabla ya kuiacha, si baada, kwa kuwa oili iliyotumika ina tindikali. Pitisha maji baridi kwenye njia ya bahari, toa impela, jaza tanki la dizeli mpaka juu ili unyevu usipate nafasi. Weka kijiko cha oili kila silinda, ziba mdomo wa hewa na wa eksozi kwa kitambaa chenye oili, na ufunge koki. Andika kwa rangi kwenye fulawili kwamba impela imetolewa na koki imefungwa. Kila wiki mbili izungushe kwa mkono mzunguko mmoja na robo, ili pistoni isimame mahali pengine kila mara.